Tanga na matanga: kile mashua za pwani zinaweza kutufundisha ku Lualaba

Swahili tunayosema Kindu, Kalima na Kasongo ni lugha ya watu wa bahari. Ilitufikia kwa mguu, mashua zake zikabaki pwani na ku ziwa Tanganyika. Tumejaribu kutafuta tanga lilibaki wapi. Njiani tumeona kitu kimoja cha mashua zile ambacho kinaweza kuokoa mchimbaji anayevuka kwenda Alunguli na mfuko wake.

Ukisema neno "matanga" hapa Kindu, mtu atakuuliza palepale: nani amekufa? Kwetu matanga ni viti chini ya turubai, mama wamekaa ku mikeka, kahawa ya usiku na nyimbo mpaka asubuhi. Watu wa pwani, Mombasa, Lamu ao Unguja, nao wanakaa matanga vilevile wakifiwa. Lakini kwao neno liko na maana nyingine, na kule bandarini ndiyo ya kwanza: tanga moja, matanga mawili, ni kile kitambaa kikubwa ambacho mashua inafungua kwa kushika upepo.

Tumeanzia hapo juu ya sababu moja. Ku mto wetu, mara nyingi matanga ya kilio yanaanzia ku mtumbwi. Kurasa za Kifaransa za gazeti zinaandika "naufrage", zinahesabu waliopatikana na wasioonekana, kiisha wiki inapita na habari nyingine inakuja. Sisi wa kurasa hii tulitaka kuuliza namna nyingine. Wasemaji wenzetu wa Swahili wanaishi na vyombo vidogo tangu mababu wa mababu. Wanajua nini ambacho sisi hatukupata? Na kama lugha yao ilifika mpaka kwetu, juu ya nini mashua zao hazikufika?

Asubuhi ku kivuko

Kila mtu wa Kindu anajua picha hii. Mji uko pande mbili za Lualaba: Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi, Alunguli upande wa mashariki. Anayekwenda Kalima ao Kailo, ku kasiterite ao ku wolframu, anavuka kwanza, kiisha anatafuta motari ng'ambo. Anayerudi na mzigo naye anapita palepale. Hapo ku maji kuko mitumbwi ya kasia, kuko mitumbwi ya moteri, kuko na balenyeri za mbao zinazoshuka mpaka Ubundu, safari ya kilometa karibu 300.

Mama amefunga mtoto mgongoni na beseni iko mkononi. Mwanafunzi ameshika daftari. Mchimbaji ameleta koleo, godoro na bidoni ya mafuta. Pikipiki imesimamishwa katikati, mtu mmoja anaishika isianguke. Mwenye chombo anangojea. Bado wawili. Bado mmoja. Maji yamebakiza vidole vichache kufika ku mdomo wa mtumbwi, na sasa ndipo wanatoka.

Hakuna anayependa kukaa hivyo. Lakini kila mtu anafikiri: jana walivuka, juzi walivuka, na leo tutavuka.

Mashua ndogo za pwani

Twende kwanza baharini, kule lugha ilizaliwa. Pwani ya Waswahili inaanzia kusini mwa Somalia, inapita Lamu, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Unguja na Kilwa, inafika mpaka kaskazini mwa Msumbiji. Tanga ni jina la mji mzima kule Tanzania. Ku pwani hiyo kuko vyombo vingi vya tanga, vikubwa na vidogo, na kila kimoja kiko na kazi yake.

Kile kinachofanana zaidi na cha kwetu ni ngalawa. Mwili wake ni mti mmoja uliochongwa, mara nyingi mwembe, sawa na mtumbwi wetu kabisa. Lakini mtumbwi mwembamba ukiuwekea tanga, upepo wa kwanza tu unaupindua. Kwa hiyo fundi wa pwani aliongeza kitu: miti miwili inapita juu ya chombo kwa upana, inatoka kushoto na kuume, na mwisho wake pande zote mbili kuko ubao unaolala juu ya maji. Wanaita matengo. Upepo ukiegemeza ngalawa kushoto, ubao wa kushoto unasukuma maji na kukataa kuzama. Ni sawa na mtu anayetembea ku mti uliolala juu ya kijito akifungua mikono yake. Na ngalawa ile wavuvi wanatoka asubuhi kwenda ku miamba, wanarudi na samaki.

Kiisha kuko mashua yenyewe. Hii haichongwi, inajengwa kwa mbao juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini ambao ni uti wa mgongo wa chombo. Kati ya ubao na ubao fundi anasukuma pamba yenye mafuta, kazi inayoitwa kalafati, ili maji yasipite. Mashua inabeba mchanga, mawe, chokaa, boriti za mikoko, watu na mbuzi, kutoka kisiwa mpaka kisiwa. Jahazi ni ndugu yake mkubwa, linakwenda mbali zaidi na mzigo mzito. Yote mawili yanavaa tanga la pembe tatu, limefungwa ku mti mrefu wa mshazari unaoitwa foromali, na foromali inapandishwa ku mlingoti.

Zamani kulikuwa mtepe. Huo haukuwa na msumari hata mmoja: mbao zilishonwa kwa kamba ya nazi sawa nguo, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe iliisha baharini mwanzo wa karne ya 20, lakini mwaka 2003 mafundi walijenga mmoja Unguja, kwa ajili ya makumbusho, ili watoto waone mababu walisafiri ku kitu gani.

Tusifikiri ni mambo ya makumbusho peke yake. Mwaka 2018, Lamu, mafundi waliteremsha majini chombo cha metre 9 kilichojengwa kwa plastiki iliyookotwa, na pande zake wamezivalisha sandali kuukuu za mpira. Wanakiita Flipflopi. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, kilometa karibu 500, na mwaka 2021 kikazunguka ziwa Victoria. Fundi mkuu, Ali Skanda, ametoka ku familia ya wachonga mbao na wajenga mashua. Ni kazi ya mikono ya zamani ndani ya uchafu wa siku hizi.

Upepo ni ratiba

Mwenye moteri anauliza: mafuta iko? Mwenye tanga anauliza: upepo gani? Pwani kuko pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma kutoka Desemba mpaka Machi hivi, na ndiyo ilileta majahazi ya Uarabuni na Uhindi. Kusi inaanza karibu Aprili, inakuwa kali ku Juni na Julai, na ndiyo iliyarudisha kwao. Kati ya pepo hizo mbili mtu alikaa bandarini akangojea, wiki, miezi. Watu walioa pale, walijenga pale, walizaa pale. Wanahistoria wanasema kukaa kule ku bandari kulisaidia sana kuzaliwa kwa mji wa Kiswahili na lugha yake.

Ndani ya siku moja pia kuko saa. Asubuhi mapema upepo unatoka bara, mvuvi anatoka nao. Mchana upepo unatoka baharini, anarudi nao. Kuko maji kujaa na maji kupwa. Nahodha anayetoka saa mbaya anabaki kukaa ku mchanga na chombo chake, watoto wanamcheka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya nahodha, kabla ya kushika usukani, ni kujua kungojea. Tutarudia neno hilo.

Lugha ilikuja kwa mguu

Sasa, juu ya nini mashua haikufika Maniema? Jibu ni refu kidogo na haliko zuri lote.

Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ku ziwa Tanganyika ni kilometa zaidi ya 1,200. Hakuna mto wa kupita. Wafanyabiashara wa pwani walitembea, na mzigo ulibebwa kichwani na begani. Walileta shanga, bunduki, na kitambaa cha pamba walichokiita merikani, juu ya kilitoka Marekani. Walirudisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kwa hiyo tunaweza kusema kitambaa cha pamba kilifika kwetu, lakini kama mali, si kama tanga.

Ku ziwa Tanganyika tanga lilifika. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji. Speke akavuka ziwa kwa mitumbwi kwenda kuomba jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Hamed bin Sulayim. Hakulipata. Lakini habari inatuonyesha kwamba tayari kulikuwa jahazi kule ndani, mbali na bahari. Mwaka 1874 Mwingereza mwengine, Cameron, alikodi chombo Ujiji, akakiita Betsy, akateremka nacho upande wa kusini mpaka kuona mahali mto Lukuga unatoka ziwani. Ni pale karibu na Kalemie ya leo.

Kutoka ziwa mpaka Lualaba, mguu tena. Wafanyabiashara walijenga vituo vyao Nyangwe na Kasongo. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed, aliyezaliwa Unguja, ambaye wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Watu hawa walikuwa na bunduki na mali, na kwao pwani walijua majahazi. Lakini walipofika ku mto walikuta bwana wa maji ni mwengine: Wagenya. Mitumbwi ilikuwa yao, makasia yalikuwa yao, akili ya mto ilikuwa yao. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, akakaa miezi akiomba mitumbwi, hakupewa. Cameron alifika mwaka 1874, naye hakupata mitumbwi ya kushuka, akageukia njia nyingine.

Na Wagenya walikuwa na sababu ya kukataa. Tarehe 15 Julai 1871, ku soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki juu ya watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Livingstone alikuwa pale, aliona na aliandika. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, ikafungana ku kijito, ikapinduka. Mamia walikufa, wengi kwa maji. Hatuwezi kusimulia uzuri wa mashua za pwani na kunyamaza juu ya siku ile. Lugha tunayosema leo ilifika na biashara na iliingia na damu. Leo ni yetu, tumeilea sisi wenyewe, lakini njia yake tuijue.

Mwisho wa mwaka 1876 ndipo chombo cha tanga kilipita kweli ku sehemu hii ya mto. Stanley alikuwa amekuja na Lady Alice, mashua ya metre 12 iliyojengwa Uingereza kwa vipande, kila kipande kimebebwa na wapagazi kutoka pwani. Ilikuwa imezunguka ziwa Victoria mwaka 1875 na Tanganyika mwaka 1876. Waliokuwa ndani, wenye kushika makasia na usukani, wengi wao walitoka Unguja na pwani. Huku Lualaba walisukumwa na makasia na mkondo, kiisha wakashuka mpaka chini kabisa, na mwaka 1877 waliiacha ku miamba mbele ya kufika Boma. Mashua ya bahari ilipita hapa sawa mgeni asiyelala.

Juu ya nini tanga halikai ku Lualaba

Historia inasema nani aliweza na nani hakuweza. Lakini mto nao uko na neno lake.

Kwanza, upepo. Tanga linataka upepo unaokuja kutoka mbali, upande mmoja, saa nyingi. Huku msitu unasimama ukingoni sawa ukuta, unakata upepo. Ule unaotufikia ni wa mvua: unakuja kwa ghafula mchana, unapiga kwa nguvu robo ya saa, kiisha kimya. Upepo sawa ule hausafirishi tanga, unalipindua.

Pili, mahali pa kugeukia. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja mbele ya upepo. Kinakwenda kombo kushoto, kiisha kombo kuume, kazi ambayo watu wa pwani wanaita kubisha. Kubisha kunataka upana. Ku mto wenye mkondo, michanga na miti iliyolala ndani ya maji, ukimaliza kugeuka mkondo umekurudisha mahali ulitoka.

Tatu, mto wenyewe umekatwa. Juu kuko Portes d'Enfer karibu na Kongolo. Chini, kati ya Ubundu na Kisangani, kuko maporomoko saba. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli vipandevipande: Kisangani mpaka Ubundu mwaka 1906, kiisha Kindu mpaka Kongolo, kiisha Kabalo mpaka Kalemie mwaka 1915. Meli, treni, meli, treni. Hakuna chombo cha bahari kinachoweza kupanda mpaka kwetu.

Kwa hiyo Mgenya hakukosa akili ya tanga. Alikuwa na chombo kinachofaa mto: kirefu, chembamba, chepesi, kinachopita mahali maji ni kidogo. Kazi yake ilikuwa kubeba watu wachache na samaki wao. Taabu ilianza tulipotaka mtumbwi uleule ubebe soko zima.

Farumi na mfuko wa kasiterite

Hapa ndipo tunataka mchimbaji asome polepole.

Pwani kuko neno ambalo huku tumepoteza: farumi. Ni mzigo mzito, mawe ao mchanga, ambao nahodha anaweka chini kabisa ya mashua, katikati, ili isiyumbe. Chombo kikiwa bila mali ndani, hatoki bila farumi. Uzito ukiwa chini, mashua ikiinama inarudi yenyewe. Uzito ukiwa juu, ikiinama inaendelea mpaka inageuka.

Ninyi wenzetu wa karyeri mnajua uzito kuliko watu wote. Kasiterite safi ni nzito karibu mara 7 kuliko maji. Mfuko wa mchele wa kilo 50 umejaa mpaka mdomo, lakini kasiterite ya kilo 50 haijazi hata bidoni ya litre 20. Kwa hiyo macho yanadanganya. Mwenye chombo anaona mifuko minne midogo, anasema si kitu, anaongeza watu watatu juu yake. Kumbe mifuko ile minne peke yake ni watu zaidi ya watatu.

Tufanye hesabu pamoja. Tukamate mtumbwi wa metre 10, upana sentimetre 80, umechongoka mbele na nyuma. Sehemu yake inayokaa ku maji ni karibu metre 6 za mraba. Mtu wa kilo 60 akiingia, chombo kinashuka sentimetre 1. Ni kidogo, hakuna anayeona. Watu 20 wakiingia, kinashuka sentimetre 20. Ongeza mifuko minne ya kasiterite, sentimetre 3 na zaidi. Ongeza pikipiki, karibu sentimetre 2. Kama mtumbwi mtupu ulikuwa na sentimetre 30 juu ya maji, sasa imebaki chini ya 5. Ni vidole viwili ao vitatu. Balenyeri moja ipite na moteri yake, mawimbi yake yanazidi vidole vitatu.

Na maji yakiingia hayakai mahali pamoja. Yanakimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito. Watu wanaogopa, wanasimama, wanakwenda upande mwengine wote pamoja. Pikipiki iliyosimama inaanguka. Mambo yote haya yanachukua muda wa kuhesabu mpaka kumi.

Tuseme vilevile kitu ambacho kinauma. Kuko wachimbaji wanaofunga kifurushi cha mali ku kiuno, ao kuweka ndani ya koti, juu ya kuogopa kuibiwa. Kilo 10 ku kiuno ni nanga. Mali ikizama, itauma, lakini wewe utalima shimo lingine.

Moteri haisemi hapana

Kuko tofauti moja kati ya tanga na moteri ambayo hatukuifikiria mbele. Mashua ya tanga ukiizidishia mzigo, inakataa yenyewe. Inakuwa nzito, haigeuki, haibishi, inabaki kusukumwa na mkondo. Nahodha analazimishwa kupunguza kama anataka kufika. Moteri haisemi hapana. Inasukuma chombo kilichojaa kupita kiasi sawa kile kitupu, mpaka mahali kinazama.

Hatusemi watu wa pwani hawazami. Wanazama, na wao wanalia wafu wao. Lakini ajali kubwa za watu wengi kwa mara moja ziko ku vyombo vya injini vilivyojazwa. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ku ziwa Victoria karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Hapa kwetu, tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilipinduka ku ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya ndugu waliokuja kupokea watu wao. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Kilikuwa karibu kufika.

Mstari wa mwaka 1876

Mwaka uleule Lady Alice ilipita Lualaba, kule Uingereza mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alishinda kesi yake ya miaka mingi. Matajiri wa meli walikuwa wanajaza mali kupita kiasi. Meli ikizama, bima iliwalipa. Mabaharia hakuna aliyewarudisha. Plimsoll alitaka kitu rahisi: mstari uchorwe ku ubavu wa kila meli, na maji yakifika ku mstari, basi, hakuna tena kuongeza. Sheria ilipita mwaka 1876. Lakini mwanzoni mwenye meli alichora mstari mwenyewe, mahali alipotaka, na ilichukua miaka mingine mingi mpaka sheria ikaamua mstari ukae wapi. Leo kila meli kubwa ya mizigo ku dunia iko na alama ile.

Sisi tunauliza: mstari wa rangi ku mtumbwi unagharimu falanga ngapi? Kopo dogo la rangi nyeupe linatosha mitumbwi ya kivuko kizima. Hauhitaji umeme, hauhitaji mhandisi kutoka Kinshasa. Mtoto wa miaka sita anaweza kuona kama maji yamefunika mstari ao bado. Jile za kuokoa maisha ziko ghali, na lazima tuendelee kuziomba. Lakini mstari unaweza kuchorwa wiki hii.

Tena tukumbuke somo la Plimsoll: mwenye chombo asichore peke yake. Wapiga kasia wazee, mama wa soko, vyama vya wachimbaji na wakubwa wa bandari wakae pamoja, wapakie chombo polepole pembeni, maji yakiwa metre moja, waone mahali kinaanza kuyumba, kiisha wachore kiganja kizima chini ya hapo.

Nani nahodha?

Watu wa pwani wanasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ku kivuko chetu tuhesabu manahodha. Mwenye chombo anataka pesa ya watu wengi. Anayekusanya pesa ukingoni anataka yake. Mwenye mzigo anataka mzigo wake wote uende mara moja. Abiria anasema twende, nimechelewa. Yule kijana anayeshika kasia, ambaye peke yake anasikia chombo chini ya miguu yake, hana neno.

Pwani, ndani ya chombo, neno la mwisho ni la nahodha. Akisema leo hatutoki, upepo mbaya, tajiri wa mali anaweza kukasirika lakini anakaa. Ndiyo kule kungojea tulikosema. Kwetu kungojea ni tu "bado wawili, bado mmoja", tunangojea watu wazidi. Tujifunze kungojea namna nyingine: mvua ikikusanyika upande wa juu, tungojee ipite. Giza likiingia, tungojee asubuhi. Chombo kikijaa, tungojee kingine.

Mchimbaji anayejua kazi yake haingii ndani ya shimo ambalo mbao zake zimeoza, hata kama bosi anapiga kelele. Anagonga ukuta kwanza, anasikiliza. Fanya vilevile ku maji. Mbele ya kuingia, tazama maji yako vidole vingapi chini ya mdomo. Kama hayafiki kiganja, usipande. Weka mfuko chini, katikati, usiukalie. Laza pikipiki. Toa kifurushi ku kiuno. Kaa chini, na mtoto afunguliwe mgongoni, akamatwe mbele. Na kama kijana wa kasia anasema chombo kimejaa, msimame upande wake ninyi wote, juu ya peke yake hataweza.

Tanga la mashua halikufika Kindu, na hatufikiri litafika. Mto haulitaki. Matanga ya upande wa pili tunayo ya kutosha. Kesho asubuhi, pale ukingoni, wakati wanaita "bado mmoja", wewe unaweza kuwa yule mmoja anayesema: mimi nitangojea kingine.